Boti Inayotazama Mbinguni

Kwa mkono wa Duka la Mzee Khamisi,
S.L.P. 14, Mtera.
9 Februari 1993

Kwa Shangazi Stara,

Shikamoo, na uniitikie japo kwa mdomo wa pembeni, maana miezi minne bila kukuandikia ni kosa na mimi nalijua. Mama huko Mpwapwa amepona mguu. Sasa amehamishia malalamiko kwenye redio ya jirani. Mvua huku imenyesha siku tatu ikakatika, mtama umesimama unangoja kama sisi wengine.

Habari yenyewe ni hii. Nilipopunguzwa kazi shirikani Dodoma, nilitembea mjini na bahasha ya vyeti mpaka pembe zikakatika. Kila mtu ananiambia, siku hizi biashara ni huria, fungua genge. Nikaona magenge Dodoma ni mengi kuliko walaji wa nyanya. Basi wazungu waliokuwa wakipima samaki hapa bwawani wamefunga mradi wao, wameuza vitu, na mimi nimenunua boti. Ya faiba, rangi nyeupe, injini ya farasi kumi na tano. Navusha abiria na samaki kati ya mwalo, pale samaki wanaposhushwa, na kambi za wavuvi ng'ambo. Ukimwondoa marehemu mumeo, Bwana Abdulswamadu, mimi ndiye wa kwanza katika ukoo wetu kumiliki chombo cha majini, tena katika mkoa ambao watu huchota maji kwa kata.

Nina swali dogo la kitaalamu. Nikiongeza moto, pua ya boti inanyanyuka mpaka sioni mbele. Nakaa nyuma pale kwenye injini, naona mawingu tu. Juzi nilipanda juu ya wavu wa mtu. Nadhani injini ina nguvu kupita kiasi, ila wewe umekaa Kigoma miaka ishirini na mbili na nahodha ndani ya nyumba, huenda ulisikia neno.

Barua nitumie kwa sanduku la Mzee Khamisi hapo juu. Ni mfanyabiashara wa samaki, mtu mwema, ana duka.

Mwanao,
Swalihu Mbaruku


Kondoa, 3 Machi 1993

Swalihu mwanangu,

Marahaba, na mdomo wangu umenyooka, usiogope. Anifa amejifungua mtoto wa kike huko Kolo. Mumewe anaongoza wageni kwenye michoro ya mapangoni, akirudi jioni anamwonyesha mtoto vidole vyake mwenyewe kana kwamba navyo vimechorwa miaka elfu iliyopita. Mimi nauza mitumba sokoni na magoti yananiuma kwa zamu, leo la kulia, kesho la kushoto. Kwa hiyo habari ya mizani naijua mwilini.

Injini yako haina kosa. Kwanza niambie, wewe una kilo ngapi sasa? Kwenye harusi ya Anifa ulikalia kiti cha plastiki kikapiga magoti mbele ya sheikh. Injini iko tezi, yaani nyuma. Tangi la petroli, nina hakika, umeliweka nyuma karibu na mguu wako. Na wewe uko hapo hapo. Watatu wazito mmekaa kitako kimoja, pua itakosaje kwenda juu?

Fanya hivi. Tangi lisogeze mbele, mpira wake ni mrefu. Samaki waweke katikati, wasogee mbele kidogo tu. Halafu tafuta kipande cha bomba la maji la plastiki, ukivike kwenye mkono wa injini na kukifunga vizuri, uweze kuongoza chombo ukiwa umekaa hatua mbili mbele. Marehemu alikuwa na bomba kama hilo, alilipenda kuliko mimi. Na pale injini inaposhikana na boti kuna pini ya kuiinamisha. Ihamishe tundu moja kuelekea boti.

Ukimaliza, asubuhi maji yakiwa yametulia, pakia kama unavyopakia kila siku, chora mstari wa rangi pale maji yanapogusa, pande zote. Mstari huo ndio utakuwa sheikh wako.

Sasa na mimi nina swali la kitaalamu. Nani anakaa nyuma na wewe? Maana umeandika "nakaa nyuma pale" kwa mwandiko uliotulia mno.

Shangazi yako,
Stara


Mtera, 20 Aprili 1993

Kwa Shangazi Stara,

Shikamoo. Hongera ya mjukuu, Mungu amkuze. Kuchelewa kwa barua hii kumetokana na shughuli nyingi.

Tangi nimelisogeza, bomba nimelifunga, pini nimeihamisha, na pua imeshuka. Nakushukuru sana. Nilivyoona limefanikiwa, nikasema ngoja niongeze. Nikapeleka samaki wote omo, mbele kabisa. Hapo boti ikaanza kuchimba maji kama nguruwe anayetafuta viazi, nikiigeuza haiendi ninakotaka. Nimewarudisha katikati.

Limebaki jambo dogo la kulalia upande wa kulia. Nafikiri ni upepo. Upepo wa huku unatoka Iringa na hauna adabu. Kuna siku moja kulitokea kasoro ndogo karibu na mwalo, gunia moja likaanguka majini. Lilitolewa, halikuharibika sana. Tangu siku hiyo boti imepumzika kwa muda.

Kuhusu swali lako la mwisho, abiria hukaa popote penye nafasi.

Mzee Khamisi anakusalimu.

Mwanao,
Swalihu


Kondoa, 11 Mei 1993

Swalihu,

Marahaba. Magoti yangu leo hayaumi, kwa sababu nimecheka mpaka damu imetembea.

Gunia lililoanguka linaitwa Bwana William. Ni afisa uvuvi. Lilikuwa limevaa viatu vya ngozi na kushika daftari la leseni. Kaka yangu marehemu alinizalia mtoto asiyejua kusema uongo, basi bora asijaribu.

Usiulize nimejuaje. Emilia, yule mama wa Kigogo anayeleta perege wakavu soko la hapa, alikuwa amekaa mbele siku hiyo na alimshika afisa kwa ukosi wa shati. Amenieleza kila kitu huku akinipimia samaki. Wewe unakaa kulia, kwa sababu mkono wa injini unakulazimisha. Binti wa Mzee Khamisi, Lulu, anakaa kulia ubavuni pako, na huyo sijui nani amemlazimisha. Magunia nayo ukayavutia kulia ili upande wa kushoto pabaki pakavu pa afisa. Bwana William akasimama kutazama ndege, wewe ukakata kona ukiwa unamsimulia Lulu jambo, na serikali ikaingia majini mpaka kiunoni. Maji yaliyokuwa chini ya mbao yakakimbilia kulia yakamaliza kazi. Maji ndani ya boti ni abiria mlevi, mwenzake akiegemea naye huegemea. Yachote kila safari.

Na boti haikupumzika. Imefungiwa, mpaka afisa aione imejaa na imekaa sawa.

Sasa nakuomba, Swalihu, usisome aya inayofuata. Si yako.

Asalaam aleikum, Mzee Khamisi. Emilia amekuona ukizifungua barua zangu juu ya mvuke wa birika dukani kwako. Sikulaumu, mtu mwenye binti ana haki ya kujua upepo unatoka wapi. Ila uji wa mtama uliotumia kurudishia bahasha una mabonge. Tumia unga wa ngano. Na kwa kuwa umeshasoma mpaka hapa, nakupa ushauri wa chombo. Binti yako akikaa kulia na mpwa wangu yuko kulia, boti italala kulia. Kuna njia mbili: kumtoa binti, au kuweka upande wa kushoto mtu mwenye uzito unaostahili. Naambiwa unao.

Swalihu, endelea kusoma hapa. Mstari wa rangi umeuchora au bado?

Shangazi yako,
Stara


Mtera, 2 Juni 1993

Kwa Shangazi Stara,

Shikamoo, japo leo naisema nikiwa nimefunika uso.

Barua yako Mzee Khamisi aliniletea mwenyewe mpaka mwaloni. Bahasha ilikuwa wazi kabisa, bila uji wala ngano. Akaniambia, "Imefika hivi." Nikasema asante. Akaondoka.

Siku ya pili Bwana William alikuwa ameniruhusu kufanya majaribio karibu na ufuko bila abiria wa kulipa. Lulu alikuja, kama kawaida, kuandika namba za magunia. Kabla hajakaa vizuri, tukamwona baba yake anateremka mwaloni kwa kanzu na kofia, mkononi ameshika viatu. Akaingia botini, akakaa kushoto, akatukabili. Shangazi, boti ikakaa kama sinia juu ya meza. Tangu niinunue sijawahi kuiona hivyo.

Sasa anakuja kila siku. Mimi na Lulu mazungumzo yetu yamekuwa ya ukavu wa kuni na afya za bibi zetu. Jana niliuliza habari ya kuku wao. Mzee akajibu yeye, "Kuku hawajambo."

Mstari nimeuchora, mwekundu. Bwana William atakagua tarehe 14 Agosti: watu kumi na mizigo, kwenda kambini na kurudi. Boti ikilala, au mstari ukizama, leseni basi, na sidhani kama Mzee Khamisi ataendelea kunivumilia mtu asiye na kazi wala chombo.

Kuna jambo nataka kukuuliza. Tulipokuwa tunajaribu, Mzee aliniuliza chombo cha Bwana Abdulswamadu kilizamaje kule Kigoma. Nikasema ni wimbi, ndivyo tulivyosikia sote. Akasema, "Wimbi halizamishi peke yake. Hukuta kitu kimeshaanza." Je, ni kweli?

Mwanao,
Swalihu


Mtera, 15 Julai 1993

Kwa Shangazi Stara,

Shikamoo. Wiki sita sijapata neno lako. Mama naye anasema hajapata. Kama nimekosa kwa kuuliza, nisamehe, na swali ulichukulie halikuulizwa. Ila niandikie hata kwamba magoti yanauma.

Swalihu


Kondoa, 1 Agosti 1993

Mwanangu Swalihu,

Marahaba. Barua hii haipiti posta. Emilia anakuletea mkononi, na nimeishona kwa uzi. Ukiisoma, ichome.

Hukukosa. Nimeanza kukujibu mara nne.

Lilikuwa wimbi, ndiyo, lakini la kawaida, chombo kilishapita mia kama hilo. Ilikuwa mwaka wa sabini na moja. Tulikuwa tunakwenda vijiji vya kusini, abiria kumi na wawili, chombo kimepakiwa na marehemu mwenyewe, kimekaa sawa. Mimi nikaja nimechelewa na magunia sita ya chumvi ya Uvinza, nilikuwa nimeahidi kuipeleka kwa watu. Katikati hapakuwa na nafasi, nikasema yawekwe omo. Akaniambia, "Mama Anifa, hapana." Nikasimama pale mbele ya abiria nikamwambia maneno, kwamba wanawake wengine waume zao huwasikiliza, kwamba chombo anakijali kuliko nyumba yake. Watu wakacheka. Akayapakia.

Nje ya ghuba omo ikaingia chini ya wimbi la kwanza na haikutoka. Wavuvi walituokoa, wote isipokuwa mmoja. Fundi cherehani aitwaye Seth alikuwa amekaa mbele, juu ya chumvi yangu.

Marehemu aliwaambia wakubwa wa bandari kuwa ni wimbi. Walimnyang'anya leseni mwaka mzima na hakutaja gunia hata moja. Nyumbani pia hakutaja. Baada ya hapo, chakula kikikosa chumvi alikula hivyo hivyo, hakuwahi kuomba. Miaka kumi na minane, mpaka alipokufa. Mimi ndiye niliyekuwa naonja na kunyamaza.

Ndiyo maana najua mizani ya chombo, Swalihu. Usidhani nilijifunza kwa kukaa na nahodha tu.

Basi. Usinijibu kuhusu hili. Ukinijibu, andika habari ya ukaguzi.

Shangazi yako,
Stara


Mtera, 4 Septemba 1993

Kwa Shangazi Stara,

Shikamoo. Naandika habari ya ukaguzi.

Tarehe 14 Bwana William alifika na daftari jipya na kandambili. Tulikwenda kambini watu kumi, Lulu kulia, Mzee Khamisi kushoto, Emilia katikati. Mstari mwekundu ulikuwa juu ya maji vidole viwili pande zote. Afisa akaupiga picha kwa macho, akakubali kwa kichwa. Kambini tukapakia samaki wa kurudi, vidole viwili vikawa kimoja. Nikasema basi, tumejaa. Bwana William akaenda kunywa chai kwa wavuvi.

Hapo Mzee Khamisi, akiwa ameshakaa mahali pake botini, akanionyesha magunia matano ya kambale wakavu nyuma ya kibanda. Kuna lori la mnunuzi lilikuwa linamngoja mwaloni. Akasema, "Haya yaingie omo, tuyafunike turubai kabla afisa hajarudi. Safari yenyewe fupi."

Nikamwambia, "Mzee, chombo kimejaa."

Akanitazama. Watu wote wanasikia, Lulu anasikia. Akasema, polepole kabisa, "Swalihu, wewe unataka mke kwangu, halafu unaninyima nafasi ya magunia?"

Shangazi, hilo lilikuwa neno la kwanza yeye kulitamka kuhusu habari hiyo. Miezi sita nilikuwa nalingoja, likaja na mzigo mgongoni. Miguu yangu ilikuwa majini na nilihisi baridi mpaka kwenye meno. Nilimtazama Lulu. Alikuwa anatazama daftari lake, kalamu haiandiki.

Nikasema, "Magunia yakipanda, wewe ushuke. Ukikaa wewe, yabaki. Vyote viwili sichukui."

Nilifikiri atanipiga kofi. Akavua viatu, akashuka majini na kanzu yake, akasimama ufukoni, akasema, "Haya. Yapakie." Nadhani alitegemea nitamwomba arudi.

Sasa upande wa kushoto ulikuwa umebaki mtupu, na nisingeweza kuondoka hivyo. Nikapandisha gunia moja pale alipokuwa amekaa. Boti bado imelala. La pili, bado. La tatu, ikakaa sawasawa na mstari. Nikasema yatosha. Emilia akahesabu kwa sauti, "Moja, mbili, tatu," na kambi nzima ikamgeukia Mzee kumtazama upya. Magunia mawili yakabaki naye ufukoni. Bwana William akarudi, akautazama mstari, tukaondoka.

Katikati ya bwawa upepo wa Iringa ulitukuta. Mawimbi yalipiga omo, maji kidogo yakaingia, Emilia akayachota. Nilikuwa nimekaa hatua mbili mbele na bomba langu mkononi, naona ninakokwenda. Nilimfikiria mtu mmoja njiani ambaye sikumjua, na sitaandika zaidi. Bwana William alishuka miguu mikavu, akaandika leseni juu ya goti lake.

Mzee alirudi kesho yake kwa mtumbwi. Siku kumi na tisa hakunisemesha. Dukani alinipa sukari kupitia mtu mwingine, na mimi nimesimama mbele yake. Tatizo lilikuwa kambi, maana walikuwa wameanza kumwita Magunia Matatu, na jina lilishavuka bwawa kabla yake. Lulu naye hakuja mwaloni. Niliona nimeipata leseni na nimepoteza kilichonifanya niitafute.

Jana, Ijumaa, baada ya swala, nilikuwa nachota maji kwenye boti. Nikaona kivuli. Mzee Khamisi amesimama, viatu mkononi.

Akaniuliza, "Nikae wapi?"

Nikamwonyesha kushoto. Akakaa. Tukavuka sisi wawili na mzigo mdogo, mpaka kambi ilipoanza kuonekana. Hapo akasema, "Nimekuwa na wasaidizi wengi. Wote walikuwa wakinipakilia chochote nilichosema. Mmoja alinizamishia mtumbwi mwaka juzi, na alikuwa akiniita baba."

Nikapunguza moto.

Akasema, "Lulu hali vizuri siku hizi kumi na tisa. Mwandikie shangazi yako aje. Aje na watu wawili, wasizidi."

Nikamuuliza nimwambie anaitiwa nini.

Akasema, "Yule mwanamke? Atajua."

Mwanao,
Swalihu


Kondoa, 17 Septemba 1993

Swalihu mwanangu,

Marahaba. Nimeisoma barua yako mara tatu, kisha nikaenda jikoni nikakaa peke yangu mpaka chai ikapoa. Umefanya vizuri. Sitaongeza.

Tutafika Alhamisi ijayo kwa basi la kutoka Dodoma, mama yako atatukuta huko. Mwambie Mzee Khamisi kwamba ujumbe wake umenifikia, na kwamba tunakuja wanne. Akiona tumezidi, utaratibu anaujua: ashuke yeye.

Shangazi yako,
Stara